Jini Aliyetaka Viatu

Hili ninalokwambia nimeliona kwa macho yangu mawili, tena siku hiyo sikuwa nimekunywa hata chai. Ukitaka kucheka, cheka. Mke wangu anacheka mpaka leo.

Miaka ile ya hamsini nilipanga chumba Kariakoo, nyuma ya soko. Shule niliiacha darasa la tano, au yenyewe ndo iliniacha, sijui. Nilichokiweza ni kuchora. Bwana Jivan, Mhindi mwenye mtambo wa kuchapa vitabu kule mjini, akanipa kazi ya picha za vitabu vya watoto: sungura, mazimwi, nyoka wa vichwa saba. Mimi na hadithi za bibi, basi! Nalala nazo, naamka nazo.

Ikaja hadithi ya jini mwanamke. Nikachora, akarudisha. Nikachora tena, akarudisha.

"Bwana wee, hii jini gani? Hii shangazi yako anaumwa jino! Leo alasiri lete jini ya kweli, sivyo kazi nampa mwingine."

Sasa jini wa kweli mimi ningemtoa wapi?

Mchana, jua la utosi, mtaa mzima umejifungia ndani. Niko barazani na karatasi yangu. Akaja mama mmoja wa buibui, ananukia udi mpaka nikapiga chafya. Akachungulia.

"Huyu nani?"

"Jini, mama."

"Na meno yote hayo? Anatafuna nini, mawe?"

Akaketi bila kukaribishwa. "Nichore mimi." Kisha akainua buibui kidogo. Kwato! Nakwambia kwato, kama za punda, tena zimepakwa hina!

Nikimbie? Nilitaka. Lakini mkono, niamini, ukaanza kuchora wenyewe, maana kazi imejileta mlangoni. Naye alikuwa mteja kama wateja wote. "Pua umenionea." Nikairekebisha. "Kiuno punguza." Nikapunguza. Nani angebisha?

Alipoziona kwato kwenye picha, akanuna.

"Watu wa hapa wakienda kupiga picha wanaazima viatu. Mimi ndo nikae pekupeku, watoto wanicheke? Nivishe!"

Hapo nikakwama. Nikificha kwato, Bwana Jivan ataona nimemletea shangazi mwingine, na kazi imekwenda. Nisipoficha... we ungethubutu? Jasho likadondokea karatasi. Mwisho nikamvisha makubadhi, vile viatu vya ngozi vilivyo wazi mbele, kwato zikachungulia na hina yake yote.

Akaitazama. Akaitazama tena.

"Vimenikaa," akasema, akaangua kicheko cha punda hasa, mpaka mabati yakatetemeka. Kupepesa jicho, baraza tupu. Harufu ya udi tu.

Nilivuka Mnazi Mmoja mbio, picha mkononi. Bwana Jivan alicheka mpaka akashika meza. "Hii ndiyo jini!" Kazi ikabaki kwangu, na watoto walikipenda kile kitabu mpaka wakakichana.

Ila kuna jambo. Mpaka leo nikichora mnyama, nikaiacha karatasi ilale, asubuhi namkuta kavaa makubadhi. Simba, makubadhi. Chura, makubadhi. Nyoka je? Kapewa moja, mkiani! Nimefuta mpaka nimechoka. Siku hizi wakinisifu kwa ubunifu, najibu asante.

Kwa hiyo mwenzangu, jini akija kuchorwa, mchore, ila usimfurahishe kupita kiasi. Akikuchukia atakutisha siku moja, yaishe. Akikupenda, atakusaidia kazi maisha yako yote.