Geneva Zilikuwa Mbili

Ndugu zangu, nitawaeleza jambo ambalo kwa mwaka mzima, ukiacha Jumapili moja kanisani, sikutaka litajwe mbele yangu, na hata sasa likinijia nikiwa peke yangu kwenye gari huwa natikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi. Mimi, baba wa familia, mzee wa kanisa, niliingia kwenye nyumba ya Wazungu nisiowajua nikiwa nimekumbatia sufuria ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, nikasimama katikati ya matanga yao na kuwaambia nimefurahi sana kuwa pale.

Bon, nianze mwanzo. Tulikuwa tunakaa Louisville, upande wa Iroquois, mwaka wa tatu tangu tutoke kambi ya wakimbizi, na mama mkwe wangu alikuwa Columbus kwa shemeji yangu Amani, karibu na barabara ya Morse. Mama huyo ni mtu wa mji wa Baraka, amekulia kando ya ziwa Tanganyika, na kila mara mke wangu akimpigia simu alikuwa anarudia lile lile, kwamba Amerika ni nzuri lakini amechoka kuona barabara na maduka, anataka kuona maji ambayo ng'ambo yake haionekani. (Sisi Louisville tuna mto Ohio, lakini mto una ng'ambo, na ng'ambo yenyewe ni Indiana.) Kwetu mtu na mama mkwe wake hawazungumzi ovyo, kwa hiyo miaka yote mimi na yeye tulikuwa tunasalimiana kupitia mke wangu, na moyoni nilihisi hajanikubali sawasawa. Donc nikasema, hii ndiyo nafasi yangu.

Nikapanga safari ya gari ya siku tatu: tumchukue Columbus, tupande mpaka ziwa Erie, halafu tufuate barabara ya ufukweni, maji yakiwa kushoto kwetu njia nzima, tulale mahali pazuri, na kesho yake tuendelee mpaka Kenmore, pale juu ya Buffalo, kwa mdogo wa mke wangu aliyekuwa amejifungua. Nilichora ramani kwenye karatasi, nikapaka maji rangi ya bluu, nikaibandika ukutani jikoni. Nikatangaza kazini, nikatangaza kanisani. Mtu akiniuliza kama naijua njia, nilimjibu kwamba yote iko kichwani.

Siku ya kutafuta nyumba ya kulala, binti yangu Neema, aliyekuwa na miaka kumi na tano, alinyoosha mkono achukue simu yangu anisomee. Sasa wiki ile ile alikuwa amecheka Kiingereza changu mbele ya mwalimu wake (alicheka kidogo tu, lakini kicheko cha mtoto wako hakitoki haraka), basi nikaitia simu mfukoni nikamwambia, "Acha. Mimi ndiye baba hapa." Nikaenda chumbani, nikafunga mlango, nikapanga mwenyewe.

Nikapata nyumba katika mji unaoitwa Geneva, mtaa wa Lake, namba 48. Jina hilo lilinipa imani, kwa sababu wakubwa waliokuwa wanakuja kambini na magari meupe, tuliambiwa wametoka Geneva, nikaona mji wenye jina hilo hauwezi kuwa mbaya. Mwenye nyumba akaniandikia kwamba mlango utakuwa wazi, tuingie tu, tujisikie nyumbani. Hayo niliyaelewa neno kwa neno bila msaada wa mtu, na nilitembea na furaha hiyo siku nzima.

Jumamosi asubuhi tukatoka Columbus watu watano katika gari moja. Nilikuwa nimewaagiza wote wavae vizuri kwa ajili ya picha, kwa hiyo mimi na Amani tulikuwa na suti nyeusi, akina mama vitenge vipya. Tulipofika ziwani mama mkwe alishusha kioo. Kwa saa mbili alitazama maji tu, nami nikawa naendesha taratibu kama nimebeba mayai, nikijiambia kwamba kazi imekwisha.

Mchana nikaiandikia ramani ya simu: Lake, Geneva, 48. Ikatupeleka. Nyumba nyeupe, mlango wazi kweli, magari mengi nje, na ndani watu waliovaa vizuri kama sisi, na meza ndefu ya chakula. Nikamwambia mke wangu, "Umeona? Mpaka chakula." Amani akaanza kupiga picha karibu na maua makubwa yaliyosimamishwa kwenye fremu kando ya picha ya mzee mmoja, anatabasamu. Mimi nikachukua ile sufuria ya sombe tuliyopika kwa ajili ya safari, nikaiweka mezani, nikamwambia mama aliyekuwa pale, kwa Kiingereza changu chote, kwamba tumefurahi sana kuwa hapa leo. Alinitazama, akasema asante. Nikauliza chumba cha mama mkwe wangu kiko wapi.

Hapo akasogea mwanaume mmoja wa suti ya kijivu, mpole, akaniuliza nilimfahamuje baba yake. Mimi nikajua anamzungumzia mwenye nyumba. Nikamwambia tulifahamiana kwa simu, ni mtu mwema sana. Akaniuliza lini. Nikamwambia, "Jana asubuhi ameniandikia. Amesema mlango uko wazi, tuingie."

Yule bwana alibadilika rangi. Watu wakageuka kututazama. Nikasikia mkono wa Neema kwenye kiwiko changu, ananivuta, na safari hii alisema Kiswahili, polepole, "Papa, hii ni matanga. Yule mzee wa kwenye picha ndiye amekufa. Wametoka kumzika sasa hivi." Akachukua simu mkononi mwangu, akasoma. "Nyumba yetu iko Geneva ya New York. Hii ni Geneva ya Ohio."

Ningekuwa na uwezo ningeingia ndani ya ile sufuria. Nikaanza kuomba msamaha, Kiingereza chote kikanikimbia, nikabaki na neno moja tu ambalo nilikuwa nalirudia. Nikamtazama Neema, nikitegemea kuona kile kicheko, lakini uso wake ulikuwa umetulia. Akageukia watu, akawaeleza sisi ni nani, tumetoka wapi na tulikuwa tunakwenda wapi, kwa sauti ya heshima ambayo sikujua kwamba anayo.

Nilipogeuka tuondoke, mama mkwe hakuwepo mlangoni. Aliposikia neno matanga alikuwa amekwenda moja kwa moja kwa mjane wa yule mzee, bibi mfupi wa nywele nyeupe, akakaa naye kwenye kiti kirefu, akamshika mikono yote miwili. Akamwita mjukuu wake, "Neema, mwambie hivi. Mimi wa kwangu alibaki Baraka. Nililetewa habari tu. Sikumwosha, sikumzika, sikuketi hivi na watu. Mwambie naomba niketi naye kidogo."

Neema alipomaliza kutafsiri, mjane alimlalia mama mkwe begani, wakalia wote wawili, na yule bwana wa suti ya kijivu akaenda kutuletea viti.

Tulikaa mpaka jioni. Sombe ililiwa yote. Kisha tukaendesha mpaka Kenmore, na mwenye nyumba wa kweli alipoandika kuuliza kama tumepotea, Neema ndiye aliyemjibu. Njiani mama mkwe alinisemesha mwenyewe, bila kupitia kwa mtu, mara ya kwanza. Alisema, "Mkwe, asante kwa safari." Nikaendesha taratibu tena.

Lakini aibu ilinifuata. Zile picha za Amani, anachekelea mbele ya maua ya msiba, zilifika Louisville kabla yetu, na Jumapili iliyofuata mchungaji alipouliza kama kuna mwenye ushuhuda, kanisa zima liligeuka kunitazama. Nikasimama. Walicheka mpaka wengine wakafuta machozi, nami nikawaacha wacheke, halafu nikasema kwamba nyumbani kwangu yupo anayejua kusoma, na mimi nilimficha simu kwa sababu ya kiburi. Neema alikuwa amekaa na kwaya, akainamisha kichwa. Sikuweza kuona kama anacheka au vipi, na sikumwuliza.

Tangu hapo barua ikija, ya shule au ya hospitali, naifungua mezani, naye anavuta kiti. Bado ananirekebisha matamshi. Na kujifungia chumbani na simu kupanga safari ya watu watano, hilo sitalirudia mpaka nife.