Picha Iliyosafishwa Vumbi

Kila nikinyunyiziwa siki kwenye chipsi, pua yangu hunirudisha Jericho, mtaa wetu wa zamani Nairobi, kwenye studio ya picha iliyokuwa karibu na soko, na moyo wangu hujaa dharau. Najua si vizuri mtu wa umri wangu kumdharau mpiga picha aliyekwisha kuzikwa. Lakini nyinyi ni watu wangu, niacheni niseme. Dawa za kuoshea picha zilinuka siki, na yule bwana naye alinuka siki, koti lake, mikono yake, hadi kikombe chake cha chai.

Alijiita msanii. Ukutani alikuwa amechora ndege ya abiria yenye ngazi, na familia nzima za Eastlands zilisimama mbele ya ngazi ile na nguo zao za Krismasi, kisha zikarudi nyumbani kwa miguu. Kazi aliyojivunia hasa ilikuwa kusafisha nyuso. Alikuwa na brashi nyembamba na kichupa cha wino, na kovu, chunusi au mkunjo wowote aliokutana nao aliufuta. Mama yangu alipigwa picha pale akatoka na uso wa yai la kuchemshwa. Nyanya alitoka bila makunyanzi na, nasikitika kusema, bila pua ya maana. Watu walishukuru, wakatundika picha hizo sebuleni.

Sasa niwaambie habari za Tata Wambui. Alikuwa dada mdogo wa baba yangu, mpiga chapa katika ofisi moja mjini, na alilala chumba kimoja na sisi watoto. Alikuwa na kamera, na hakuitumia kupiga watu. Alipiga mbingu. Mwezi wa Januari, giza likishaingia, aliweka uani mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, akafunga kamera juu yake, akafungua lenzi na kuiacha wazi kwa muda mrefu, huku akizungusha skrubu polepole ili kamera izifuate nyota zinavyosogea. Asipozungusha, alinieleza, kila nyota itatoka mkwaruzo. Alichokitaka kilikuwa karibu na zile nyota tatu zilizojipanga mstari: nebula, wingu la gesi linalong'aa, ambalo jicho huliona kwa shida lakini filamu, ikipewa muda, hulinywa taratibu mpaka likatokea.

Majirani, watu ambao hawakuwahi kuinua macho kupita kamba ya nguo, walikuwa na maoni. Mama Shiro wa mlango wa pili alisema Tata anatafuta mume huko juu kwa kuwa wa huku chini wamemkataa. Wengine walisema anawapa wezi ishara, kana kwamba wezi wa Jericho walikuwa wanahitaji kuonyeshwa njia. Na baba yangu, mzee wa kanisa, alimwogopa Mama Shiro kuliko alivyomwogopa Mungu aliyemwomba kwa sauti kubwa kila Jumapili.

Basi jioni moja akamwita Tata sebuleni na kumpa sharti. Alete hiyo picha. Kukiwa na kitu ndani yake, hatamsumbua tena. Ikiwa ni giza tu, kamera itapewa kwaya ya kanisa na yeye atakaa ndani jioni kama wanawake wengine. Tata alikubali bila kubisha. Mimi niliogopa kwa niaba yake, maana katika nyumba ile kamera ndiyo iliyokuwa kitu chake peke yake.

Jumamosi akanishika mkono tukaenda studio, alikokuwa ameacha filamu yake ioshwe. Yule bwana alitoa picha kutoka kwenye bahasha, kubwa, inayometa, na nyeusi kama mgongo wa sufuria. Hapakuwa na hata nyota moja.

"Hiyo picha ilikuwa imejaa vumbi, madam," alisema, akitabasamu. "Nimekaa nayo siku mzima nikitoa moja moja. Hata hiyo doa kubwa hapo katikati, nimeimaliza."

Mtu mzima, mwenye macho mawili, alikuwa amekaa akiziua nyota kwa brashi, na sasa alisubiri kushukuriwa. Nilitaka kumtemea mate. Tata hakupaza sauti. Alimuuliza tu kama wino ule ni wa maji, na yule bwana akajibu kwa madaha kwamba ni wa maji, tena mzuri.

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kwenye mfereji, akalowesha pindo la leso na kuanza kupangusa. Nyota zikaanza kurudi. Karatasi ilibaki na michirizi, lakini mwishowe wingu lenyewe likatokea, dogo na jeupe, kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Tata alicheka peke yake pale mferejini. Sikuwahi kumwona na furaha kama ile.

Baba aliipokea picha akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Macho yake yalitembea kidogo, yakasimama. Kisha akaweka kidole gumba juu ya karatasi, akakiacha hapo.

"Mimi sioni kitu, Wambui," alisema.

Tata alikitazama kile kidole. "Sawa, Baba Njeri," alijibu, akaenda kuileta kamera. Ilikabidhiwa kwaya, ambako ilipiga waimbaji wengi wasio na vichwa. Kabla ya mwezi kuisha Tata alihamia chumba cha kupanga mbali nasi, na baba akawaambia watu kuwa dada yake ana kiburi.

Kwa miaka mingi dharau yangu yote niliielekeza studio. Nilidhani ile michirizi ya wino ndiyo iliyomzuia baba asione. Mpaka nilipokuwa mtu mzima, picha ile nikiwa nimeiweka magotini, mwanangu akaniuliza nebula iko wapi. Niliitafuta kwa muda. Haizidi ukubwa wa ukucha, na karatasi nzima imejaa nyota. Nilipoipata nikaweka kidole juu yake, nayo ikafunikwa yote.

Yule wa studio, maskini, alifuta asichokijua. Baba yangu alijua pa kuweka kidole.