Uzi wa Vifungo

Miaka tisa fundi cherehani alibebeshwa ugonjwa wa binti yake kama punda anayebebeshwa mzigo wa jirani. Binti alipokesha siku tano mfululizo akiongea na kuwagawia wapita njia nguo zake, upande wa mume wa fundi ulisema ni malezi ya mama. Alipojifunika shuka mwezi mzima, hataki chakula wala jua, wakasema ni damu ya mama. Mume naye alikuwa akitafuta mlango wa kutokea, akaupata hapo. Akatoa talaka.

Asubuhi moja fundi aliitwa kwa wifi yake mkubwa. Alijua anaitiwa nini: walitaka kumchukua binti na kumwachisha dawa, ati apumzike mbali na mama yake. Akaoga, akavaa gauni aliloshona mwenyewe, akatia mkobani uzi wake wa vifungo.

Uzi huo ndio uliokuwa daftari lake, maana kusoma hakujua. Kila asubuhi alitunga kifungo kimoja: cheupe kama binti amelala, cheusi kama amekesha. Nesi wa kliniki, yule aliyeuita ugonjwa ule baipola, alipouona alimwonyesha kwa kidole. Kila ugonjwa ulipopanda, vilitangulia vifungo vyeusi vitatu au vinne, vimefuatana.

"Kukosa usingizi huuamsha," nesi alimwambia. "Msiba huuamsha, mawazo mazito, hata bangi kwa wanaovuta. Mbegu mara nyingi hutoka kwenye ukoo, ila si kila mbegu huota. Chanzo kimoja cha kukikamata shati hakuna, mama. Na wewe hukumletea." Kisha akauliza, "Kwenu, au kwa baba yake, hakuna aliyekuwa hivi?"

Fundi alijibu hakuna. Alikuwa njiani kurudi alipomkumbuka baba mkwe wake, akasimama katikati ya barabara mpaka mwenye baiskeli akamtukana.

Sebuleni kwa wifi alimkuta mtalaka wake kainamia simu. Wifi hakumpa hata maji.

"Wifi, tusizungushane. Mtoto kwako haponi. Na sisi kwetu hatuna wendawazimu."

"Sawa, wifi. Kabla hatujafika huko, hebu nisimulie ile ya Babu Milango. Mimi huwa naisahau."

Uso wa wifi ukalegea. Hadithi hiyo ilikuwa johari ya ukoo, haikukosa harusi hata moja. Akaisimulia kwa mikono yote miwili: marehemu baba yao alivyonunua milango kumi na mmoja kwa nyumba ya vyumba vitatu, alivyoranda mbao wiki nzima bila kulala, akiimba, akigonga kwa majirani kuwagawia bawaba.

"Jirani anamwambia, mzee, ukuta uko wapi? Anamjibu, ukuta ukisikia milango imefika utakuja wenyewe." Hata mtalaka alicheka.

"Malizia," fundi akasema.

"Imeisha hapo."

"Haijaisha. Nilikuwa bibi harusi katika nyumba ile. Nani alimlisha uji miezi minne, ameugeukia ukuta? Nani alimnyoa ndevu? Nusu ya kuchekesha mnaipeleka harusini, nusu ya pili mmenibandika mimi."

"Unamtukana marehemu?"

"Marehemu alinipenda kuliko ninyi nyote. Aliumwa. Angepata dawa, nyumba ile angeimaliza."

Alitandaza uzi mezani. Mtalaka akaushika, akaupitisha vidoleni.

"Vyeusi ni nini?"

"Siku alizokesha."

"Hapa vimefuatana saba."

"Hapo ndipo ulipooa mke mwingine."

Akauweka chini kama pasi ya moto.

"Lawama sikuja kuwarudishia," fundi akasema. "Nesi kasema si kosa la mtu, na mimi ninakubali, ingawa ulimi unaniwasha. Lakini nimeibeba miaka tisa, leo naitua. Atakayeitaka aiokote hapo sakafuni. Mtoto haondoki kwangu, na dawa haachi."

Wifi akakumbuka ghafla kuwa kuna chai.

"Kunyweni. Mimi nina gauni la watu." Akakunja uzi wake, akafika mlangoni, akageuka. "Na siku nyingine mkitaka kuisimulia ile hadithi, mniite. Mwisho wake ninaujua mimi."