Soksi Juu ya Mbabula

Mwanangu ameanika soksi zilizolowa karibu na jiko, na harufu ya soksi hizo imenirudisha utotoni.

Kwetu Bukavu, mvua ikinyesha siku nzima, ukungu wa ziwa ulipanda hadi mtaa wetu wa Muhumba ukaingia mpaka ndani ya blanketi. Tulizunguka mbabula, jiko letu la makaa, huku maharage yakitokota. Siku moja, wakati wa vita, askari aliingia bila hodi, ametota chepechepe, bunduki begani. Maman, aliyetukataza kuingia na viatu sebuleni, akamsogezea kiti karibu kabisa na moto. Mgeni hupewa joto kwanza, hata mgeni wa namna ile.

"Ota moto, papa. Baridi iko mingi."

Akavua buti, akazitandaza soksi zake juu ya kifuniko cha sufuria yetu. Maji meusi yakachuruzika ukingoni, yakaingia kwenye maharage. Mvuke ukanuka miguu, jasho na matope.

Zilipokauka akazivaa. Maman akafunua sufuria, akampakulia sahani ya kwanza. Askari akainusa, akakunja pua.

"Hii chakula iko inanuka, maman. Kuleni nyinyi."

Tukala.