Mbili Fupi, Kimya, Moja Ndefu

Zuberi, fundi pikipiki wa mtaa wa Kabondo, alikuwa mbishi wa kuchosha. Mimi Olga niliuza lituma, ndizi zangu za kuponda, hatua kumi kutoka gereji yake, kwa hiyo nina haki ya kusema. Alikuja Kisangani kutoka Maniema na kofia yake ya sala, spana sita, na masikio. Masikio ndiyo yaliyomlisha. Miaka ile ya vita pikipiki zilikuwa chache. Nzuri zote zilichukuliwa na wanajeshi, sisi wengine tukapanda toleka, baiskeli za kubeba watu. Pikipiki moja ikilia mtaani, kila mtu alijua ni ya nani.

Kazi aliyoipenda ilikuwa kuzifungua kabureta za Ulaya. Zile zilitengenezwa kufuata sheria za huko za moshi: zinaipa injini esansi, yaani petroli, kwa ubahili, na skrubu ya kupimia mchanganyiko imezibwa kwa kifuniko cha shaba ili mtu asiiguse. Kwa esansi yetu ya chupa, yenye mafuta ya taa ndani, zilikohoa tu na kuzima. Zuberi aliitoboa shaba kwa keke ya mkono, akaifikia skrubu. Kisha ukaja wazimu wake: mwenye pikipiki lazima akae kitini, afumbe macho, apumue. Naye Zuberi anageuza skrubu kidogo kidogo mpaka mngurumo ulingane na pumzi ya mtu yule.

"Piki isipopumua na mwenyewe, itamuacha mu pori," alisema.

Nilikuwa namcheka. Siku hizi sicheki.

Constant, mume wa Pélagie, alikuwa na pumu. Pumzi mbili fupi, kimya, halafu moja ndefu. Pikipiki yake ya buluu ilitoka gereji ikipumua hivyo hivyo, na watoto wa mtaa wakawa wanaiigiza. Siku ya kuitoboa shaba yake, keke ilimteleza Zuberi, ikaacha mkwaruzo uliopinda kama mwezi mchanga kando ya tundu. Alinuna juma zima kwa ajili ya mkwaruzo ule. Constant akaenda Bafwasende kuuza sabuni. Mwezi wa sita mwaka 2000 mabomu yakaanguka mjini Kisangani siku sita, na barabara ikajaa watu wenye bunduki. Hakurudi.

Ndugu zake walitaka matanga yakaliwe na nyumba igawanywe. Pélagie akakataa katakata: atamlilia mtu ambaye hajaona hata kandambili yake? Kila asubuhi alipita gereji.

"Tonton Zuberi, haujasikia kitu?"

"Bado, mama. Siku nitaisikia piki yake, nitakuya mimi mwenyewe kukuambia. Hautapata habari ku kinywa ya mutu mwingine." Aliapa, mkono juu ya kofia.

Miezi kumi na moja ikapita. Siku moja, saa nane mchana, akaja Ambroise, mfanyabiashara wa Butembo, akisukuma pikipiki nyekundu, kabureta ya pili ikiwa ndani ya mfuko.

"Papa, hii inakufa kila kilomita. Kabureta yake iko ya kufungwa. Alors, nilipata ingine yenye imekwisha kufunguliwa. Badilisha tu."

Zuberi akaipokea, akaigeuza. Akanyamaza. Zuberi kunyamaza mbele ya mteja! Hilo peke yake lilinitisha. Kidole gumba chake kilikuwa kinapita juu ya shaba, kwenye mwezi mchanga.

"Uliitoa wapi?"

"Sokoni. Mutu wa njia ya Bafwasende. Alisema waliiokota mu pori, piki bila mwenyewe."

Zuberi akanisogelea. "Mama Olga, pengine mukono yangu iliteleza mara mbili. Siwezi kumuua mutu kwa mukwaruzo. Sikio ndiyo itanijibu."

Basi akaitoa ile iliyofungwa, akaisafisha iliyofunguliwa, akaifunga mahali pake. Skrubu hakuigusa. Akapiga kiki.

Mbili fupi. Kimya. Moja ndefu.

Kitini hapakuwa na mtu, na kiti kile kitupu kilikuwa kikipumua pumu ya Constant kwenye jua kali la mchana. Ambroise akapiga makofi. "Bon! Sasa inapumua!"

Katika haraka yake ya kujua, Zuberi alisahau kwamba mji usio na pikipiki una masikio marefu, na sikio halilali njaa. Nyumba ya Pélagie ilikuwa nyuma tu ya gereji. Kabla fundi hajafuta mikono aende kutimiza kiapo chake, Pélagie alikwisha kuzunguka kona. Alibeba beseni la maji na sabuni, taulo begani, kama alivyozoea kumpokea mumewe na vumbi la safari. Mguu mmoja ulikuwa peku. Alikuwa anatabasamu, na ningetoa chochote nisilione tabasamu lile.

Akaiona rangi nyekundu. Akamtazama Ambroise, akakitazama kiti. Zuberi akanyoosha mkono kwenye ufunguo.

"Usizime, tonton."

"Mama Pélagie, niliapa mimi ndiye..."

"Vis, skrubu yake, uliigusa?"

"Hapana."

"Basi iko yeye."

Akaweka beseni chini karibu na gurudumu, akakaa mavumbini. Ambroise, bahili wa kupima esansi yake kwa kifuniko cha chupa, akafungua kinywa; nikamkazia macho, akakifunga. Zuberi alikuwa analia bila kujificha. Tulisimama pale mpaka tangi likakauka. Injini ikavuta mbili fupi, ikanyamaza, nasi wote wanne tukangoja ile ndefu.

Haikuja.

Pélagie akanawa uso kwa maji ya Constant. Akafungua kitambaa cha kichwani, nywele zikabaki wazi.

"Mama Olga," akaniambia, "uende ku ndugu zake. Matanga ianze."