Mafuta ya Pamba Kwenye Breki: Safari ya Kuposa Lamadi

Mimi hakuna kitu barabarani kinachoweza kunishangaza. Shule niliiacha darasa la nne, nikaanza na mkokoteni wa ng'ombe, nikibeba pamba za watu kwa ujira. Leo nina duka Bariadi, nyumba ya bati la rangi na pikapu isiyodaiwa. Kwa hiyo mwanangu Nkwabi alipopata mchumba Lamadi, sikutafuta mshenga. Desturi inataka baba akae nyumbani, wengine wakamsemee. Lakini mtu aliyebishana bei ya pamba na wanunuzi wa kila namna, akodi mdomo wa mwingine kwa kazi gani? Nilitangaza dukani kwamba nitarudi na mkwe kwa ng'ombe kumi, hazidi hata ndama.

Asubuhi tuliondoka Bariadi, mimi na dada yangu mkubwa, Mbuke, kapu la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, likiwa miguuni kwake. Nkwabi alibaki, maana bwana harusi haendi kusikiliza mahari yake. Aliinama dirishani akasema, "Baba, breki bado zinalia. Nimekuambia tangu wiki iliyopita, badilisha pedi."

Nikamjibu kwamba gari lisilolia ni lililokufa, nikaingiza gia.

Nyakabindi kelele zilizidi. Kila nikigusa breki, magurudumu ya mbele yalitoa mlio mwembamba wa kutia meno ganzi. Mbuzi waliokuwa wakivuka wakasimama kututazama. Kijana wa bodaboda akatusogelea ubavuni.

"Mzee, umebeba nguruwe?"

"Nimebeba dada yangu," nikamwambia.

Mbuke hakusema nami tena mpaka Dutwa.

Dutwa nilisimama nifikiri. Mtu hawezi kuingia kwa wakwe gari likilia kama linalofukuzwa. Na mlio ule niliujua tangu utoto. Mkokoteni ukilia, ekseli inataka mafuta. Unapaka, unanyamaza, ng'ombe wanaendelea. Nikanunua chupa ya mafuta ya pamba kwa mama mkaanga maandazi, nikapenyeza mdomo wa chupa kwenye matundu ya ringi, nikamwagia gurudumu la kushoto, kisha la kulia, bila ubahili.

"Hayo ni ya kupikia," Mbuke alisema.

"Chuma nacho kina njaa, dada."

Tulipoondoka, kimya kitupu. Kwenye matuta nilipunguza kwa gia, kwa sababu dereva hodari hachezei breki. Mara moja nilikanyaga kidogo nikaona breki zimelainika, nikadhani ni shukrani.

"Umesikia?" nikamuuliza Mbuke.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo."

Lamadi tulifika jua limepita utosini. Nyumba ya wakwe iko chini ya mteremko mfupi, nje ya lami. Mama wa binti anauza dagaa, na siku hiyo alikuwa amewatandaza kwenye nyavu kuukuu uwanjani wakauke. Wenyeji walisimama mstari mbele ya viti. Nikapiga honi ya heshima, nikakanyaga breki. Gari likaendelea. Nikakanyaga kwa miguu miwili. Likaendelea vilevile, polepole, bila mlio wowote, likawapita wenyeji mikono yao ikiwa imenyooshwa kutupokea. Mbuke, ambaye ana adabu kuliko mimi, akawasalimu dirishani, "Mwadila." Wakaitikia, "Mwadila," huku tukipita. Ndipo nikavuta breki ya mkono. Tukasimama katikati ya dagaa. Kabla sijafungua mlango, korongo wawili walikuwa wameshatua.

Mjomba wa binti, Mzee Limbu, ndiye aliyekuwa msemaji wao. Aliendesha malori ya samaki miaka mingi. Badala ya kutukaribisha vitini aliomba jeki. Akafungua gurudumu mbele ya watu wote, akachomoa pedi, akanusa kidole chake.

"Kuna maandazi humu?"

Watu wakacheka. Mimi nikaeleza habari ya mkokoteni.

"Shemeji," akasema, "kwenye pedi kuna kibati kidogo. Pedi ikiisha, kibati kinagusa diski, kinalia. Kimewekwa kilie. Pedi mpya ni nene kama kidole. Ikibaki unene wa sarafu mbili, unatoa. Yako ya kushoto imekwisha kabisa, chuma kimeanza kula diski. Kilikuwa kinakuita, wewe ukakipa mafuta."

Tukakaa. Walinitoza faini ya kuingia vibaya, na dagaa nikawalipa, hayo ni ya kawaida. Kisha mama wa binti akazungumza, taratibu, akinitazama mimi tu.

"Binti yangu akilia kwenu, mtampaka mafuta anyamaze?"

Hakuna aliyecheka. Mzee Limbu alikunja mkono uliokuwa tayari kuhesabu ng'ombe. Nimepatana na watu wagumu, lakini pale niliona kabisa narudi Bariadi mikono mitupu na Nkwabi kanisimamia mlangoni.

Mbuke ndiye aliyesogeza kiti. "Mayu," akamwambia mama wa binti, "anayeoa si huyu. Anayeoa alisikia breki tangu wiki iliyopita, akamwambia baba yake, na asubuhi ya leo akarudia. Masikio ya yule kijana ni ya marehemu mama yake. Huyu hapa ni wa kulipa tu."

Mama akanitazama. "Alikuambia kweli?"

"Mara mbili," nikasema.

Akamgeukia kaka yake, "Haya, hesabu." Mzee Limbu akahesabu ng'ombe mpaka kumi na nne, nami sikupunguza hata mmoja.

Kesho yake asubuhi fundi wa Lamadi alifunga pedi mpya na diski, kwa kuwa Mzee Limbu alikataa tuondoke bila hivyo. Tulirudi tukisimama kila palipotakiwa kusimama, na Mbuke alilala toka Dutwa hadi nyumbani, jambo ambalo hajawahi kulifanya nikiendesha mimi.

Sasa kila mwisho wa mwezi nachungulia kwenye matundu ya ringi, napima pedi kwa jicho, na gari likilia naenda kwa fundi siku hiyohiyo. Hayo nawafundisha wenye magari wote wanaokuja dukani, hata wasioniuliza. Pedi ni elfu sabini. Mimi, pamoja na diski, fundi, faini, dagaa na chupa ya mafuta, achilia mbali ng'ombe, nililipa shilingi laki tano na elfu sitini na tatu.