Kompyuta ya Kwenda Nayo Kome

Tabia moja Evelina Kashindye hakuiacha mpaka wiki aliyofariki: kila alipomaliza mstari, mkono wake wa kushoto uliinuka wenyewe na kuisukuma hewa kwenda kulia. Alikuwa amechapa kwa mashine ya taipu miaka ishirini na miwili katika ofisi ya kiwanda cha kuchambua pamba, na mashine zile zilikuwa na chuma pembeni. Ukikisukuma, karatasi inarudi mwanzo wa mstari. Kiwanda kilifungwa, mashine zikauzwa kama vyuma chakavu, kompyuta zikaingia mjini. Mkono wa Evelina haukupewa taarifa.

Hellen aliuona mkono huo kwa mara ya kwanza Jumatano moja asubuhi, katika duka la Nadim mtaa wa Lumumba, alikokuwa akiuza kompyuta kwa mwaka wa tisa. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kufuta vumbi kwenye kabati la vioo. Mama mmoja mwembamba akaingia, miwani shingoni, begi la safari mgongoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kompyuta ndogo, nyepesi, ya kusafiri nayo. Naondoka kesho alfajiri."

"Karibu. Ni ya kazi gani?"

"Ya misiba," alisema Evelina, akavua begi.

Nadim, aliyekuwa mezani kwake nyuma akipekua risiti, aliinua kichwa. Babu yake alifungua duka hilo likiwa la vitambaa, na Nadim alipenda kusema kwamba ameshasikia kila sababu ya mtu kununua kitu. Hiyo hakuwa ameisikia.

Evelina alieleza bila haraka. Tangu kiwanda kifungwe, kazi yake ilikuwa kuandika wasifu wa marehemu. Mtu akifa, wenye msiba wanachanganyikiwa. Hawakumbuki baba alizaliwa mwaka gani, alibatizwa wapi, alianza lini kuvua au kufuga. Wanampigia simu Evelina. Anapanda gari, anafika, anakaa mkekani na wazee, anauliza, anachapa. Kabla ya kwenda makaburini anasimama na kusoma: kuzaliwa, elimu, kazi, ndoa, ugonjwa, na mwisho watoto, mmoja mmoja kwa jina. Kuanzia Magu mpaka Sengerema walimwita Sekretari.

"Mwezi uliopita nimeharibu," alisema.

Ilikuwa katika msiba wa Mzee Machibya, kisiwani Kome. Kompyuta yake ya zamani ilikuwa na uzito wa mtoto wa miezi mitatu na betri iliyokufa, kwa hiyo ilitegemea jenereta ya wenye msiba. Alikuwa amechapa kila kitu, watoto wote kumi na mmoja, jenereta ikaishiwa petroli. Skrini ikawa nyeusi. Jeneza lilikuwa limeshatolewa nje, padri anaangalia saa. Evelina alichukua kalamu, akaandika upya kwa mkono, haraka, kutoka kichwani. Akasimama, akasoma watoto kumi.

"Uliyemsahau ni nani?" Hellen aliuliza.

"Wa kwanza. Modesta. Mzee alimzaa kabla hajamwoa mama wa wale wengine."

Hellen hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alikuwa amekaa kwenye misiba ya kutosha kujua jinsi watu wanavyotega sikio unapofika mstari wa watoto. Kinachosomwa pale mbele ya jeneza ndicho ukoo unachokubali hadharani. Kama ingekuwa ni yule wa sita aliyeachwa, watu wangesema Sekretari amezeeka. Aliyeachwa ni yule ambaye siku zote wachache walinong'ona kwamba si wa pale. Modesta aliondoka makaburini kabla ya udongo kurudishwa, akiamini wadogo zake wamemfuta. Wadogo zake wakaanza kulaumiana, kila mmoja akimshuku mwenzake kwamba ndiye aliyemnong'oneza Sekretari.

"Jumamosi ni arobaini," alisema Evelina. "Nimeomba nisome tena. Lakini safari hii kwanza napita kwa kila mtoto, nyumba hadi nyumba. Mmoja yuko Usagara, Modesta mwenyewe Kigongo, wengine Sengerema na kule kisiwani. Kila mmoja akae karibu yangu, aone nachapa, asome majina yote kwa macho yake, aseme ndiyo. Modesta kasema Kome hakanyagi tena. Asipoliona jina lake kabla ya Jumamosi, hatakanyaga kweli."

"Si unaweza kuandika kwenye daftari, mama?"

"Kwenye karatasi ndiko nilikomwacha. Nikimjia na karatasi nyingine atanifungia mlango. Na mimi mwenyewe siuamini mkono wangu ukiwa na kalamu. Vidole vikiwa juu ya vitufe ndiyo nakuwa mtu mwenye akili."

Nadim alikohoa kidogo. "Mama, mimi nashauri hii." Alitoa kabatini kompyuta ndogo ya rangi ya fedha, nyembamba kama sahani. "Hata kilo moja haifiki. Nyepesi kuliko zote mjini."

Evelina aliipokea kwa mikono miwili. Bega lake la kulia lilikuwa likimuuma tangu alipoanguka gatini mwaka juzi, na aliinua vitu kwa tahadhari. Uso ukamng'aa. Halafu akafungua begi lake, likiwa na khanga, sweta, kandambili, chupa ya maji, chaja ya simu na vitumbua kwenye mfuko, akaitumbukiza kompyuta humo.

"Juu kuna ngazi?"

"Ghorofa tatu," alisema Hellen. "Kwa nini?"

"Nataka kusafiri kidogo."

Nadim alisema mali haiwezi kutoka dukani bila kulipiwa. Evelina akasema basi mali isindikizwe. Ndivyo Hellen, mwenye stashahada ya biashara, alivyojikuta akipanda ngazi nyuma ya mteja, akashuka, akapanda tena na kompyuta ya pili, nyeusi, iliyotumika, nzito kidogo. Kwenye ghorofa ya pili fundi cherehani alitoa kichwa mlangoni.

"Mama, naona mnapita tu. Mnatafuta ofisi gani?"

"Hatutafuti ofisi, tunatafuta bega," Evelina alimjibu bila kusimama.

Waliporudi chini, alitoa hukumu: ile ya fedha, bega halikujua kama ipo, ile nyeusi, bega lilijua, ila halikulalamika. Nadim akaanza kuandika risiti ya ile ya fedha.

"Subiri," alisema Evelina. "Sijachapa. Nipe kigoda."

Msibani hakuna meza, alieleza. Alikaa kwenye kigoda, akaweka kompyuta ya fedha mapajani, akavaa miwani. "Sasa nipeni mtu nimwandike."

"Mwandike bosi," alisema Hellen.

"Mama, mimi bado nipo," alisema Nadim.

"Vizuri, utanisahihisha. Ulizaliwa wapi?"

"Hapahapa Mwanza. Lakini kwa nini iwe mimi?"

"Mtulivu," Evelina alisema akichapa, vidole vikikimbia bila yeye kuviangalia. "Marehemu alikuwa mtu mtulivu, mcheshi, aliyependa wateja wake na hakuwahi kuwaharakisha."

Hellen alicheka mpaka akashika kabati. Hapo ndipo mstari ulipofika mwisho. Mkono wa kushoto uliinuka, ukasukuma, ukapiga ubavu wa skrini, na kompyuta nyepesi kuliko zote mjini ikateleza juu ya kitenge kama sabuni. Hellen aliidaka kwa goti na kiwiko, sentimita chache juu ya sakafu.

Nadim alikuwa amejishika kifua.

"Ungekufa kweli, na wasifu haujaisha," Evelina alimwambia. Lakini sauti yake ilikuwa imepungua. Aliutazama ule mkono kama mtu anavyomtazama ndugu aliyelewa mbele ya wageni. "Siuwezi huu. Nimejaribu. Nikiuzuia, nasahau ninachoandika."

"Jaribu nyeusi," alisema Hellen.

Ile nyeusi ilikuwa na vipande vya mpira mpana chini. Evelina alichapa utoto wa Nadim, shule ya Nadim, ndoa ya Nadim. Mkono ukainuka, ukapiga, kompyuta ikatikisika na kubaki palepale. Akapiga tena. Ikabaki. Hata hivyo aliirudisha kwa huzuni.

"Nzuri. Lakini nyumba kumi na moja, mwanangu. Bodaboda, gari, kivuko, na kutembea. Mpaka nyumba ya saba bega litakuwa limeshaniacha."

Hellen alisimama akiliangalia begi lililo wazi. Miaka tisa alikuwa akiwasomea wateja uzito ulioandikwa kwenye karatasi ya kompyuta, na hakuwahi kufikiri kwamba hakuna anayesafiri na kompyuta peke yake. Akaingiza mkono ndani ya boksi la ile ya fedha na kutoa chaja yake: tofali jeusi lenye waya mnene kama kamba ya kufungia ndama. Akaliweka kiganjani mwa Evelina.

"Hii nayo unakwenda nayo," alisema. "Bila hii, ile ya fedha ni sahani kweli. Hii nyeusi inachaji kwa chaja ya simu yako, hiyo uliyonayo begini. Inaingia polepole, lakini inaingia."

Duka la jirani liliuza nafaka na dagaa, na lilikuwa na mizani. Walikwenda wote watatu, Nadim akiwa ameibeba ile ya fedha kifuani kama mtoto mchanga, akimsihi mwenye duka apanguse sahani ya mizani kwanza. Ya fedha pamoja na tofali lake: kilo moja na nusu. Nyeusi peke yake: kilo moja na robo.

"Nani atanunua kompyuta inayonuka dagaa?" Nadim aliuliza wakirudi, akiinusa.

"Mtu wa Kome," alisema Evelina. "Hatajua tofauti."

Bado hakulipa. Karatasi ilisema betri inakaa saa kumi, na Evelina alisema karatasi hiyo imeandikwa na mtu asiyechapa. Akaomba akae nayo mpaka duka linafungwa. Nadim akamuuliza kama amekuja kununua au amekuja kulala matanga; Evelina akasema kote kuwili mtu huletewa chai. Chai ikaletwa. Akakaa kigodani pembeni ya kabati, akachapa tangu saa nne mpaka jioni, na wateja walioingia walidhani ni mfanyakazi mpya wakamuuliza bei.

Alichokuwa akichapa Evelina, Hellen alikiona saa nane, alipompelekea maji. Hakuwa tena Nadim. Ulikuwa wasifu wa Mzee Machibya, wote, na kwenye mstari wa watoto jina la kwanza lilikuwa Modesta. Chini yake ulianza tena, kutoka kuzaliwa mpaka watoto. Na tena. Hellen alihesabu mara tisa.

"Mama, nakala si ipo? Ungehifadhi moja tu."

"Nimehifadhi. Hizi ni za vidole." Mkono wa kushoto uliinuka, ukapiga, ukarudi. "Unajua, wengi ninaowaandikia, kitu pekee kilichowahi kuandikwa kuwahusu ni hicho nilichoandika mimi. Nusu ukurasa. Halafu mtu anatolewa hata kwenye nusu ukurasa."

Hellen alirudi kwenye kabati lake. Mchana huo aliwauzia watu wawili chaja na mmoja kipanya, na alijikuta akimtazama kila mmoja usoni zaidi ya alivyozoea, akijiuliza anakaa wapi kwenye orodha ya nani.

Saa kumi na moja Nadim alivuta mlango wa chuma nusu. Betri ilikuwa imebakiza robo. Evelina alilipa, akaweka kompyuta begini kati ya khanga na sweta, akavaa begi, akaondoka akielekea kituo cha mabasi cha Nyegezi, ambako angelala kwa dada yake ili awahi gari la kwanza.

Alhamisi alipiga simu kutoka Kigongo. Modesta alikuwa amemwacha nje nusu saa, kisha akamfungulia. Alikaa karibu yake, akasoma jina lake kwenye skrini, akasema limeandikwa sawa. Kuhusu Jumamosi hakusema kitu. Alimsindikiza mgeni mpaka barabarani na kurudi ndani. Ijumaa Evelina hakupiga. Hellen alijiona mjinga kwa jinsi alivyokuwa akiitazama simu. Nadim, ambaye alidai hayamhusu, aliuliza mara mbili kama betri imetosha.

Jumamosi saa tisa alasiri simu iliita dukani. Nyuma ya sauti ya Evelina kulikuwa na upepo wa ziwani, kelele za sufuria na watu wengi wakiongea kwa pamoja.

"Amekuja?" Hellen aliuliza hata kabla ya salamu.

"Amekuja na kivuko cha asubuhi. Kakaa nyuma kabisa, karibu na kuni. Nikasoma, nikafika kwenye watoto, nikamtaja wa kwanza. Mwanangu, alisimama. Hakuna aliyeambiwa asimame. Halafu yule mdogo wake, Elias, akasimama, wakasimama wote kadiri nilivyowataja. Sijawahi kuona msiba ambao watoto wanasimama kama darasani."

"Na kompyuta je?"

"Iko salama, inanuka dagaa. Mwambie Nadim wasifu wake nimeuhifadhi, asiwe na haraka."

Sufuria ziligongana tena, na mtu akaita kwa sauti ya kike, ya mkubwa aliyezoea kuitikiwa. Kwa Hellen, ambaye hakuzungumza na Evelina tena baada ya siku ile, simu iliisha hivi:

"Ngoja nikate, mwanangu. Modesta ndiye anayepakua, na amesema nisipokwenda sasa hivi nitakula ukoko."